Amplifaya ya Gari Inakata-kata? Anza Kuangalia Taa

Amplifaya ikianza kukata, wengi husema imeungua. Mara nyingi ni nzima. Ama inajilinda, ama haipati umeme wa kutosha. Kabla hujagusa skrubu yoyote, washa muziki, iache ikate, kisha itazame taa yake.

Taa ikizima kabisa, fuatilia umeme: chanya, hasi, au ule waya mwembamba wa rimoti unaotoka kwenye redio kuiamuru iwake. Ikiendelea kuwaka kama kawaida huku sauti imepotea, kagua nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, na redio yenyewe.

Mimi taa ikizima naanza na waya wa hasi, ule unaofungwa kwa nati kwenye bodi ya gari. Kuna gari lilikuwa linakata kila besi ikipiga, na mwenyewe alishanunua betri mpya. Nati ya hasi ilikuwa imekazwa barabara, ila juu ya rangi, ambayo haipitishi umeme! Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga upya, basi. Waya huo uwe mfupi, nusu mita hivi, na unene wake ulingane na wa chanya.

Ukiwa na mita ya kupimia volti huna haja ya kubahatisha. Injini ikiwa inanguruma na besi inapiga, pima pale pale kwenye amplifaya. Kwa kawaida utaona kama volti 13.8 hadi 14.4. Ikiporomoka kuelekea 11 wakati kwenye betri bado ni 13 na ushee, umeme unapotea njiani. Papasa kishikio cha fyuzi kilicho karibu na betri: kikiwa cha moto, au plastiki yake imeanza kulainika, kibadilishe. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili "ivumilie". Hivyo ndivyo magari yanavyoungua.

Taa ikiwa nyekundu, yaani inajilinda, zima, chomoa nyaya zote za spika, uwashe tena. Wekundu ukiondoka, tafuta waya uliochubuka ukagusa bodi, hasa unapopita mlangoni. Hesabu na omu, yaani ukinzani wa spika: sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi zikibrijiwa, yaani chaneli mbili zikiunganishwa kuwa moja, hazitaki chini ya 4. Ikibaki nyekundu bila spika wala RCA, na volti ziko sawa, hapo mpelekee fundi wa elektroniki.

Inayokata baada ya muda na kurudi ikipoa imezidiwa na joto. Itoe chini ya kapeti ipate hewa, na ushushe geini, maana kile kitufe ni cha kuilinganisha amplifaya na sauti inayotoka kwenye redio, si cha kuongezea sauti.