Mafuta ya Kupikia kwa Anayefuata Mlo wa Keto

Umeuliza kama mtu anayefuata mlo wa keto, yaani aliyepunguza sana wanga na kula mafuta kwa wingi, analazimika kupikia mafuta ya nazi peke yake. Halazimiki, ndugu yangu. Mafuta halisi ya kupikia, yawe ya nazi, ya zeituni au ya parachichi, hayana wanga hata kidogo, kwa hiyo linalobaki kuangaliwa ni aina ya mafuta yenyewe na jinsi yanavyostahimili moto. Mimi ningetanguliza ya zeituni, ambayo takribani asilimia 14 tu ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoelekea kuganda kwenye baridi, ilhali ya nazi hupita asilimia 80 na huweza kupandisha kolesteroli mbaya, jambo lisilo dogo kwa mtu anayepata sehemu kubwa ya nishati yake kwenye mafuta. Siagi nayo huungua upesi: itazame kikaangoni, povu likishatulia utaona chembe za maziwa zikigeuka kahawia, kisha nyeusi na chungu. Samli, kwa kuwa imekwisha kuondolewa chembe hizo, huvumilia moto mkali zaidi. Mafuta ya mbegu za kitani usiyapashe moto kabisa, yamiminie saladi. Na kama umewahi kuambiwa kolesteroli yako iko juu, tafadhali mwone daktari upimwe damu kabla hujaanza, kisha upimwe tena baada ya miezi michache.