Jiji linapata wapi hela za kujenga kituo cha michezo?

Ndugu yangu, umeuliza kama lazima jiji likope. Si lazima. Oklahoma City, Marekani, wanatumia kodi ya mauzo ya senti moja kwa kila dola: ukinunua viatu vya dola 50, senti 50 zinaingia kwenye mfuko wa miradi. Utaratibu huo, uitwao MAPS, wananchi waliupigia kura mara ya kwanza mwaka 1993. Hela zinakusanywa kwanza, ndipo ujenzi unaendelea, kwa hiyo hakuna deni.

Awamu ya nne ya MAPS ilipitishwa kwa kura Desemba 2019: kodi ya miaka 8, miradi 16, makadirio dola milioni 978. Humo kuna vituo vya vijana, bustani na uwanja wa michezo.

Ila kinachonigusa zaidi ni kwamba sehemu ya fedha wameitenga kwa uendeshaji. Mtaani kwetu tulijengewa uwanja mzuri sana. Miaka miwili baadaye nyavu zimechanika, bomba la vyoo halitoi maji, na mlinzi halipwi. Kwa hiyo kwenye kikao cha kujadili kituo cha michezo, kabla hujauliza gharama ya ujenzi, uliza nani atalipa umeme na maji kila mwezi.