Meza yako haijarogwa, ina misumari

SWALI: Shikamoo fundi. Mwezi wa tano tulinunua meza ya chakula ya msindano hapa Makambako. Ilikuwa imenyooka, ina vanishi hadi unajiona. Kufika mwezi wa nane uso umepasuka katikati, ufa unaingiza ncha ya kisu, na pembe moja imeinuka, sahani inacheza. Mume wangu anataka tuiuze tuchukue ya chipubodi inayotoka Dar es Salaam. Wifi anasema msindano ni kuni tu. Tufanyeje?
Bi Harusi wa Juzi, Makambako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wifi yako mwambie atazame juu ya dari: kenchi zinazobeba bati lenu, kwa vyovyote, ni msindano wa huku kwetu Mufindi, na hazijamwangukia.

Meza yenu ilitengenezwa kwa mbao mbichi. Ubao ukitoka kwenye msumeno umejaa maji, na ukikauka unasinyaa upana. Urefu hauguswi sana. Mwezi wa tano mvua ndiyo kwanza zimekata, kisha ukaja upepo wa Makambako, ambao hauhitaji utambulisho. Sasa igeuzeni meza. Naweka dau mtakuta uso wote umepigiliwa misumari kwenye fremu. Ubao unataka kusinyaa, msumari umeushikilia. Lazima upasuke. Nilipokuwa kijana Mafinga nililifanyia hivyo hivyo kabati la shangazi yangu. Lilipasuka usiku wa manane kwa mlio wa bunduki, na asubuhi nikakuta ameita watu wa maombi.

Msiiuze. Huo ubao sasa umekauka, na mbao kavu mmeshazilipia. Fundi ang'oe misumari, autenganishe uso pale penye ufa, arande kingo zote mbili hadi zikutane bila kuona mwanga, apake gundi na kubana kwa jiriwa usiku kucha. Pembe iliyoinuka ataishusha kwa randa. Asirudishe misumari! Afunge kwa skrubu kutokea chini, na matundu ya kwenye fremu ayarefushe kidogo kufuata upana wa uso, ili ubao upate pa kuchezea masika na kiangazi. Vanishi ipakwe na upande wa chini. Wengi wanapaka juu tu, chini kunabaki kunavuta na kutoa unyevu peke yake, ndipo ubao unapokunjika.

Chipubodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ikinywa maji ya kudeki inavimba na hairudi. Skrubu ikishalegea, imelegea. Mkipata hela, kitanda kiwe cha mninga, hausinyai sana na mchwa hawaupendi, ila daini kwa muuzaji karatasi za TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu.

Siku mkinunua mbao wenyewe, pimeni ubao mmoja kwenye mizani ya mahindi, mkaupime tena baada ya wiki. Kama uzito umeshuka, bado ni mbichi, subirini.

Halafu nikuulize, mwanangu: jioni jiko la mkaa mnaliweka wapi? Kama ni chini ya meza ili muote miguu, litoeni nje kabisa. Moshi wake usioonekana unaua watu, na ufa mpya utaanzia hapo hapo.