Maswali ya Wasomaji: Mtafiti wa bakteria anayetaka kuwa msanii wa picha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtafiti katika maabara ya bakteria mjini Morogoro. Siku za mapumziko hupanda milima ya Uluguru kupiga picha za vijito, mawe na mimea, nazo nazikusudia ziwe sanaa, si kumbukumbu za utafiti. Mwenzangu kazini anashikilia kwamba jicho lililozoea kupima haliwezi kuona uzuri. Mpiga picha mmoja mzoefu niliyemwonyesha kazi zangu alisifu jinsi zilivyo kali na safi, kisha akanyamaza. Je, yupo mwanasayansi aliyefaulu katika sanaa hii, na je, inafaa niache maabara? – M., Morogoro

JIBU: Ndugu M., yupo, tena ametoka katika fani yako hasa. Eliot Porter, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1901, alisomea uhandisi wa kemia na baadaye udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akabaki hapo akifundisha na kutafiti biokemia na bakteria hadi mwaka 1939. Katika miaka hiyo alikuwa akimpelekea picha zake Alfred Stieglitz wa New York, mtu ambaye kauli yake ilikuwa na uzito mkubwa katika sanaa ya picha nchini Marekani, naye kwa miaka kadhaa akawa anamrudisha akajitahidi zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1938 Stieglitz alimfungulia onyesho, na baada ya hapo Porter akaiaga maabara.

Mwenzako hana haki, ingawa neno lake si la kupuuzwa lote. Porter aligeukia picha za rangi baada ya kuambiwa na mchapishaji kwamba ndege waliopigwa picha nyeusi na nyeupe hawatambuliki vizuri, wakati ambapo wasanii wengi wa picha waliiona rangi kuwa ni mambo ya matangazo ya biashara. Njia aliyoitumia kusafisha picha zake ingemchosha mtu asiyezoea maabara. Picha moja ya rangi ilipigwa upya mara tatu kupitia vichujio vyekundu, kijani na buluu. Kutokana na nakala hizo zikatengenezwa karatasi tatu za filamu zenye jelatini, kila moja ikaloweshwa katika rangi yake, yaani samawati, zambarau nyekundu na njano, kisha zikabandikwa moja baada ya nyingine juu ya karatasi ileile, zikilingana barabara, kwa kuwa zikipishana kidogo tu kazi yote imeharibika. Uvumilivu wa namna hiyo wewe unao tayari, na wapiga picha wengi hawana.

Lakini katika hatua hizohizo sayansi ilifika mahali ikamwachia msanii. Kiasi cha kila rangi kilikuwa ni uamuzi wa Porter mwenyewe, na hakuna kipimo ambacho kingemwambia buluu ya kivuli juu ya jiwe lililolowa ikolee kiasi gani. Vivyo hivyo katika kuchagua cha kupiga: mara nyingi aliacha vilele na anga, akainamia majani yaliyoanguka, kuvu wa miti na kingo za kijito, bila kitu kimoja kinachodai kutazamwa kwanza. Hapo ndipo ninapodhani ukimya wa yule mpiga picha ulipotokea. Picha inayosema tu “huu ni mmea fulani” imekamilika mara mmea unapotambuliwa, na mtazamaji hana sababu ya kuendelea kuitazama. Funika maelezo yote, mwonyeshe mtu asiyejua mimea, umwangalie anakaa nayo kwa muda gani. Kisha umrudie mpiga picha huyo umuulize waziwazi ni zipi angezitoa. Waliokomaa katika kazi hii hujibu swali la kutoa kwa urahisi kuliko la kusifu.

Kuhusu kuacha kazi, lazima niseme jambo ambalo wanaosimulia habari za Porter hulipitia haraka: familia yake ilikuwa na mali, kwa hiyo hakuitegemea picha kumlisha alipoondoka Harvard. Kama huna akiba ya namna hiyo, baki maabara. Vijito vya Uluguru havitakimbia, na mshahara utakuwezesha kupiga unachotaka badala ya kukimbizana na harusi kila Jumamosi.

Nakuomba pia utenge kabisa mafaili ya kazi na ya sanaa. Katika picha ya sanaa una ruhusa ya kukoleza rangi, kukata pembeni na kufifisha kivuli. Ukifanya hivyo kwa picha ya hadubini itakayoingia katika makala ya utafiti, bila kueleza ulichofanya, umepotosha matokeo. Hifadhi picha ya hadubini kama ilivyotoka, na ukivutiwa nayo kiasi cha kutaka kuitundika ukutani, fanyia kazi nakala yake.