Maswali na majibu: Git haisahau, laptopu imechoka

*Laptopu yangu ni kuukuu, RAM yake GB 4. Nikiendesha git gc, inahangaika dakika kadhaa kisha inakufa na ujumbe "Out of memory". Ninunue RAM? — Kijana wa Langoni, Lamu*

Usitoe pesa bado, mwanangu. Git ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mradi. Inapoipanga upya historia hiyo, na ndiyo kazi ya git gc, hulinganisha faili na faili ikaweka tofauti zake tu. Ndivyo mzigo unavyopungua. Kazi hiyo huigawa kwa nyuzi kadhaa (threads), yaani mafungu yanayofanywa kwa pamoja, kwa kadiri ya uwezo wa prosesa yako, na kila uzi hujaza RAM kivyake. Usipoweka kikomo, hakuna kikomo. Jahazi la mchanga likifika hapa hatumpakii punda mmoja shehena yote. Ndani ya folda ya mradi andika:

git config pack.threads 1
git config pack.windowMemory 100m
git config pack.deltaCacheSize 50m
git config core.bigFileThreshold 20m

Hizo 100m ni za kila uzi, kwa hiyo nyuzi nne zingekula mara nne. Ndiyo sababu nimeanza na uzi mmoja. Mstari wa mwisho unaiambia Git isihangaike kulinganisha faili za zaidi ya MB 20. Bila huo, kizingiti ni MB 512, na kwa mashine yako hicho ni kichekesho. Endesha git gc tena, uende ukaswali alasiri, ukirudi huenda imemaliza.

Na nakuomba uachane na --aggressive, nyongeza ya git gc inayoifanya ijitahidi zaidi. Vijana wanaipenda kwa jina lake tu. Kwa kawaida Git hulinganisha faili na wenzake 10. Ukiitumia hiyo, 250.

*Nimetia .env, faili la mipangilio ya programu yetu, kwenye .gitignore lakini Git bado inaifuatilia. — Malindi*

.gitignore, orodha ya faili za kupuuzwa, hufanya kazi kwa faili ambazo Git haijazijua. Hii imeshaijua. Andika git rm --cached .env, kisha ufanye komiti, yaani uyaweke mabadiliko hayo kwenye historia. Kwako faili litabaki. Wenzako wakivuta mabadiliko, lao litafutika, basi waambie waweke nakala kando. Kama ndani mlikuwa na neno la siri na mmeshalituma kwenye seva, libadilisheni leo. Katika historia bado limo.

*Tovuti ya shule yetu iliwekewa video ya Maulidi ya MB 90. Nimeifuta na kufanya komiti, lakini kila anayenakili mradi bado anamaliza bando. — Mwalimu, Mokowe*

Mwalimu, komiti yako imeiondoa video mezani, haikuitoa kabatini. Komiti za zamani bado zinaihitaji, na Git haiwezi kuzivunjia ahadi.

Kuing'oa kabisa kunataka git filter-repo, programu ya kusakinisha peke yake. Nakili mradi upya, kisha, ukiweka njia halisi ya faili lako:

git filter-repo --path video/maulidi.mp4 --invert-paths

Hapo utambulisho wa komiti hubadilika kuanzia ile iliyoileta video na kuendelea. Itakubidi uunganishe seva upya na kutuma kwa nguvu, na kila mwalimu mwenzako afute nakala yake achukue mpya. Mmoja akikaidi akaunganisha ya zamani, video itarudi. Nimeliona hilo mara mbili, na mara zote mkaidi alikuwa ndiye mwenye mradi!

Ikiwa hamko tayari kwa usumbufu huo, anayetaka kusoma tu anakili kwa git clone --depth 1. Atapata hali ya sasa bila historia, na bando litapumua.

*Git inaniuliza neno la siri kila baada ya muda mfupi. — Dada wa Shela*

Kache yake, yaani kumbukumbu ya muda ya neno la siri, hudumu sekunde 900, yaani dakika 15. Kwenye Linux, iongeze idumu kwa muda wa saa nane:

git config --global credential.helper 'cache --timeout=28800'

Usiandike store badala ya cache. Hiyo huacha neno la siri wazi kwenye faili, na laptopu za nyumbani kwetu zina wenyewe wengi.

*Stima ilipotea katikati ya komiti. Sasa Git inalalamikia index.lock. — Malindi*

Hakikisha hakuna Git nyingine inayoendelea, hata ile iliyofunguliwa na kihariri chako, kisha futa .git/index.lock, kufuli ambalo Git hujiwekea ikiwa kazini. Malizia na git fsck uone kama kuna kilichovunjika.