Geuza Mchoro Uutazame Mgongo

Mtu akinitumia picha ya mchoro wa jalada la gemu anaotaka kuununua, akaniuliza kama ni wa kweli, jibu langu huwa moja: nitumie na picha ya nyuma. Mara nyingi hana. Muuzaji amempigia mbele tu, maana mbele ndiko kwenye joka, chombo cha angani na shujaa aliyeinua upanga. Lakini mbele kila mtu anakujua. Jalada lilichapwa kwa maelfu, na yeyote mwenye skena nzuri na printa kubwa anaweza kukutengenezea mbele nyingine. Nyuma hakuna aliyekuona isipokuwa mchoraji, mkurugenzi wa sanaa na mafundi wa uchapaji.

Nimekusanya michoro ya aina hii kwa miaka kadhaa sasa, ile iliyochorwa kwa mkono kwa ajili ya maboksi ya gemu za video na matangazo yake majaridani. Karibu kila kosa nililofanya lilitokana na kupenda mbele kabla ya kuuliza habari za nyuma.

Kwanza ujue kitu chenyewe kinavyoonekana, kwa sababu wengi hushangaa wakikiona mara ya kwanza. Picha tuliyoizoea ni ndogo, imebanwa kati ya jina la gemu, nembo ya kampuni na maneno ya kusifia. Mchoro wenyewe kwa kawaida ni mkubwa kuliko boksi, pengine mara moja na nusu au mara mbili, kwani picha ikipunguzwa wakati wa kuchapa hukaza na makosa madogo hujificha. Jina la gemu halimo. Sehemu ya juu ni anga tupu, au giza tupu, ambalo ukiliona hivi hivi unadhani mchoraji aliishiwa. Kumbe hapo ndipo jina lilipoachiwa nafasi. Pembeni, nje ya picha, kuna alama za kukatia, vipimo vya penseli, asilimia ya kupunguzia, na michirizi ya rangi mahali mchoraji alipokuwa akijaribu brashi. Nyuma utakuta muhuri, namba ya kazi, tarehe ya kukabidhi, na jina la gemu, ambalo wakati mwingine ni la muda tu na lilibadilishwa kabla ya gemu kuuzwa. Ukibahatika, juu ya mchoro bado imeshikizwa karatasi angavu yenye maagizo ya mkurugenzi wa sanaa: ongeza mwanga hapa, mkono huu uwe mnene zaidi.

Uchafu huo wa kazi ndio ninaoununua. Mchoro safi mno, usio na alama hata moja, hunitia wasiwasi.

Ili kuelewa kwa nini jalada lilifanyiwa kazi kubwa hivyo, kumbuka skrini za wakati ule. Konsoli ya kampuni ya Atari, yaani mashine ya kuchezea gemu kwenye televisheni, iliyotoka mwaka 1977 na baadaye ikaitwa 2600, ilionyesha vifaru vilivyojengwa kwa vipande vya mraba. Cliff Spohn alipochora jalada la Combat, na Susan Jaekel lile la Adventure, walikuwa wakimpa mchezaji ulimwengu ambao mashine haikuweza kuuchora. Nje ya Atari hali ilikuwa hiyo hiyo. Uingereza, Bob Wakelin alichora majalada mengi ya kampuni ya Ocean ya Manchester, yakiwemo ya Wizball na Head over Heels, na Oliver Frey akayapa majarida ya gemu ya Crash na Zzap!64 sura ambazo wasomaji wake hawajazisahau. Marekani, Marc Ericksen alichora jalada la Mega Man 2 ambapo shujaa ameshika bastola, silaha asiyokuwa nayo ndani ya gemu. Ericksen ameeleza hadharani kwamba bastola ilitokana na agizo la mkurugenzi wa sanaa, baada ya wao wawili kuutazama mchezo na kuona risasi zikienda kwa mlalo. Mimi hadithi kama hiyo hunifurahisha kuliko ubishi wa kwamba jalada ni zuri au baya. Inaonyesha watu wazima wawili mbele ya televisheni, wenye siku chache mkononi, wakijaribu kuelewa kitu kipya. Maamuzi ya namna hiyo ndiyo yanayoonekana kwenye michoro ya awali, na ndiyo maana sidharau kipande cha karatasi chenye penseli tu.

Wakelin alifariki mwaka 2018, Frey mwaka 2022. Kizazi hiki kinaondoka, na majibu ambayo wao peke yao wanayo yanaondoka nao. Kama unakusudia kumwandikia mchoraji, usingoje.

Sasa nikueleze hasara yangu kubwa. Niliuziwa kwenye mtandao mchoro wa chombo cha angani uliopulizwa kwa brashi ya hewa, kile kifaa kinachorusha rangi kwa hewa, au ndivyo ulivyotangazwa. Rangi zilipita moja ndani ya nyingine kama moshi, pembeni palikuwa na penseli, na kwenye taa za chombo ungeweza kugusa uvimbe wa rangi kwa ncha ya kidole. Nililipa. Baada ya wiki kama mbili nikauweka chini ya kioo cha kukuzia, si kwa shaka, nilitaka tu kufurahia ufundi. Mstari wa penseli haukuwa wa penseli. Ulikuwa nukta: za bluu, za waridi, za njano, nyeusi chache katikati. Ilikuwa chapa ya printa, na mtu alikuwa ameongeza rangi halisi juu ya sehemu chache ili kidole kidanganyike. Muuzaji hakujibu tena.

Brashi ya hewa ni mtego kwa sababu yenyewe nayo hutawanya vitone, kwa hiyo ukiona vitone usiseme upesi kwamba umeibiwa. Tazama rangi ya vitone. Brashi ya hewa hupuliza rangi iliyokwisha kuchanganywa, hivyo zambarau ni vitone vya zambarau, vikubwa kwa vidogo, visivyo na mpangilio. Printa haina zambarau ya namna hiyo. Huijenga kwa kuweka vitone vya bluu na waridi jirani. Chapa ya kiwandani ni rahisi zaidi kuitambua, kwani nukta zake zimepangwa kwa safu na hutengeneza maua madogo madogo zinapopishana. Kisha tafuta penseli, wino au mwandiko wowote: penseli halisi hung'aa kidogo ukiielekezea taa, na haina nukta za rangi. Jambo la mwisho, na hili sijaona mghushi akijisumbua nalo, laza taa ubavuni mwa mchoro. Aliyetumia brashi ya hewa alifunika sehemu kwa utando wa plastiki na kuukata kwa wembe papo hapo juu ya kadibodi, na wembe mara nyingi huacha mkwaruzo mwembamba unaofuata ukingo wa umbo. Nikiuona mkwaruzo huo moyo hutulia.

Taa ya urujuanimno (UV) husaidia kuonyesha mahali palipopakwa rangi baadaye. Kwa umri wa karatasi usiitegemee, kwa kuwa dawa za kung'arisha zinazowaka chini ya taa hiyo zilianza kutiwa kwenye karatasi miongo kadhaa kabla ya gemu hizi.

Swali la mwaka nalo ni muhimu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 majalada mengi yalihamia kwenye kompyuta, na jalada lililotengenezwa kwenye kompyuta halina ubao, yaani mchoro wenyewe wa mkono, wa kutundika. Mtu akikuuzia "mchoro halisi" wa gemu ya miaka ya 2000, muulize ni nini hasa: ni penseli ya awali, ni chapa iliyosainiwa, au mchoraji ni miongoni mwa wachache walioendelea na rangi? Usidhani pia kwamba gemu ya kisasa kwa wakati wake lazima ilikuwa na jalada la kisasa. Doom ya mwaka 1993, ambayo watu huitaja kwa teknolojia yake, jalada lake lilichorwa na Don Ivan Punchatz, mtu aliyetoka kwenye majalada ya vitabu na majarida.

Kuhusu kumwandikia mchoraji, nina ombi moja: usianze na bei. Wengi walikuwa vibarua wa mkataba, walilipwa mara moja, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye boksi. Mtu aliyekaa miaka thelathini bila kuulizwa habari za kazi yake, ukimjia na "unauza kiasi gani" unamkosea. Mimi huuliza alitumia rangi gani, alipewa nini cha kutazama, aliletewa gemu yenyewe au maelezo kwenye karatasi, na kama mchoro ulirudishwa kwake baada ya kuchapwa. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Baadhi ya kampuni zilirudisha, nyingine zilibaki nayo kwenye makabati hadi zikahama au zikafilisika, na michoro ikatoka mlangoni kwa njia ambazo si zote zilikuwa za haki. Mchoraji akikwambia mchoro uliibiwa, usiununue. Akikwambia aliutoa mwenyewe, omba akuandikie hata mistari miwili, na uihifadhi barua hiyo pamoja na mchoro popote uendako.

Wanaoanza huwa nawaelekeza kwenye matangazo. Kila mtu anataka jalada. Tangazo la ukurasa mmoja la gemu hiyo hiyo, lililochorwa na mkono ule ule, hukaa mnadani bila mzabuni. Nami naona matangazo yana utajiri zaidi wa kiufundi, kwa vile kazi yote ya kupanga ukurasa imo: chini mchoro, juu yake plastiki angavu yenye nembo, vipande vya maandishi vilivyokatwa na kubandikwa kimoja kimoja kwa gundi ya mpira, bei ikiwa kwenye kijipande chake ili ibadilishwe. Gundi hiyo ikizeeka hugeuka kahawia na kuachia. Tangazo langu la kwanza nililisafisha. Nilitoa ile plastiki, nikabandua maandishi yaliyokuwa yameanza kunyanyuka, nikabaki na mchoro mtupu wa kupendeza, na vile vipande nikavitupa. Nilivunja kitu kilichokuwa kizima. Kama kipande kimebanduka, kiweke kwenye bahasha isiyo na tindikali, andika kilikotoka, halafu mwachie fundi wa kuhifadhi karatasi.

Hakimiliki: kununua ubao si kununua haki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976, kifungu cha 202, inatenganisha waziwazi umiliki wa kitu na umiliki wa hakimiliki yake, na nchi nyingi zina msimamo huo. Unaweza kuutundika na kuuza tena. Kuchapa fulana au mabango ni jambo jingine kabisa, hata kama risiti ni ya jina lako.

Utunzaji hauna siri kubwa. Rangi ya gwashi huyeyuka kwa maji, kwa hiyo kitambaa chenye unyevu kisikaribie. Wino wa kalamu za rangi hufifia upesi kuliko yote. Mwanga uwe hafifu, majumba ya makumbusho hukadiria lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa kazi za karatasi, na kioo kiwe cha kuzuia miale ya urujuanimno. Mchoro usiguse kioo.

Kabla ya kuupeleka kwa fundi wa fremu, piga picha mgongo wote, kila muhuri na kila mwandiko, ukiwa na rula pembeni. Kisha mwambie asiufunike. Mafundi wengi hubandika karatasi nzito nyuma na kuona wamekufanyia hisani. Mimi huagiza dirisha la plastiki angavu pale penye mwandiko, na barua ya mchoraji huingia kwenye mfuko wake pembeni ya dirisha, bila gundi.