Panzi wa uwanja wa baseball Seattle, mtoto wa Bukoba nimewala

Mkuu uliyeuliza kama ni kweli Wamarekani wanakula panzi uwanjani au ni stori za mtandaoni tu, ni kweli kabisa, mi nipo Seattle na nimewala. Ni pale T-Mobile Park, uwanja wa Mariners, timu ya baseball ya hapa, wanaitwa chapulines, asili yao Oaxaca kule Mexico, wanakaangwa wanatiwa pilipili, chumvi na ndimu halafu unapewa kwenye kikombe kidogo. Wameanza kuuzwa 2017, mechi 3 tu za kwanza wakaisha wote ikabidi waweke kikomo, vikombe 312 kwa mechi. Kwa nini 312? Kuna mpigaji wao wa zamani Edgar Martinez, wastani wake wa kupiga ulikuwa .312, yani kama mara 3 katika kila 10 alifanikiwa, yani legend anaheshimiwa kwa vikombe vya panzi, hawa watu bana.

Sasa mimi wa Bukoba, kwetu senene, jamii ya panzi, tunawala kawaida tu. Mara ya kwanza jamaa wa kazini walininunulia makusudi wanione nikitapika, simu zote zimenielekea, mmoja kaweka na dau la bia kabisa. Nikamimina kiganjani nikatupia mdomoni kama bisi, nikamaliza kikombe nikauliza vingine vipo? Kimya. Ila tusidanganyane, senene ni habari nyingine, senene ana mafuta yake mwenyewe unatia chumvi tu basi, hawa wadogo, wakavu, ndimu imefunika kila kitu na vimiguu vinakwama kwenye meno.

Kingine nilichopenda ni karanga za maganda. Muuzaji anasimama kwenye ngazi anakurushia pakiti huko huko ulipo, na enzi hizo za keshi hela unaipitisha kwa watu usiowajua mpaka imfikie, chenji inarudi hivyo hivyo kama nauli ya daladala, maganda unatupa chini hapo hapo na hakuna wa kukusema. Raundi ya 7 mechi inasimama kidogo, uwanja mzima unanyanyuka kuimba wimbo wa 1908 unaotaja karanga na Cracker Jack, zile bisi za karameli.

Ukija, panzi wanunue mapema kabla mechi haijaanza. Karanga unaweza kubeba zako kutoka home, pale chakula cha nje wanaruhusu.

Ile bia ya dau mpaka leo sijalipwa.